Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: msituache katikati ya dozi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, na kwa wote mnaopanga ununuzi wa dawa na vitita vya bima ya afya nchini Tanzania.

YAH: MATIBABU YA MUDA MREFU KWA WAGONJWA WA VKH NA UVEITISI NYINGINE (MAGONJWA YA UVIMBE NDANI YA JICHO)

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni karani wa masjala katika halmashauri moja ya mkoa wa Tanga. Kazi yangu ni kupokea barua, kuzipa namba na kuziweka kwenye majalada, na tangu 2022 ninaifanya kwa jicho moja. La kushoto haliioni hata ile herufi kubwa ya juu kabisa kwenye chati. Nikifika kliniki, muuguzi husogea mpaka mita moja, ananyoosha vidole, nami nahesabu. Ugonjwa wangu una dawa, na dawa ilikuwa inanikubali. Jicho lilikwenda katika wiki sita ambazo dawa hiyo haikupatikana. Hizo wiki sita ndizo zilizonikalisha chini kuandika.

Ugonjwa unaitwa Vogt-Koyanagi-Harada, na sisi wagonjwa tunauita VKH. Alfred Vogt alikuwa daktari wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1906; Einosuke Harada na Yoshizo Koyanagi walikuwa Wajapani walioandika habari zake miaka ya 1920. Lakini karne nyingi kabla yao Ali ibn Isa, tabibu wa macho wa Baghdad, alikwisha kuandika juu ya watu wanaovimba macho na kope zao zikaota mvi. Daktari wangu aliponisimulia hilo nilifarijika kupita kiasi. Nilikuwa nimekaa miezi nikidhani mimi ndiye mtu wa kwanza duniani kuota kope nyeupe.

Kinachotokea ni hiki. Kinga ya mwili hugeuka na kuzishambulia seli zinazotengeneza rangi nyeusi ya mwili. Seli hizo hazipo kwenye ngozi na nywele peke yake. Zipo ndani ya sikio, zipo kwenye utando unaofunika ubongo, na zipo kwa wingi nyuma ya jicho, kwenye koroidi, tabaka la mishipa ya damu linaloilisha retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Koroidi ikivimba, maji huvuja chini ya retina, na retina hubanduka kama rangi ya ukuta inavyobanduka kwenye nyumba za pwani wakati wa masika. Hakuna kidudu cha kuua. Mtu hamwambukizi mwenzake. Na kwa kuwa hakuna kidudu, hakuna siku iliyowekwa mapema ambayo dozi inakwisha na mtu akaambiwa aende zake.

Mimi ulinianza Machi 2016. Kichwa kiliuma siku nne mfululizo, shingo ikakaza, masikio yakawa yanavuma kama nimesimama karibu na mashine ya kusaga. Nikapimwa malaria, haikuonekana. Nikapewa dawa za taifodi. Shangazi yangu aliniletea kombe nikanywa, na ninamshukuru mpaka leo, maana alileta alichokuwa nacho. Siku ya tano niliamka nikauona mlango wa chumba umepinda katikati, na sura ya mwanamke niliyekuwa nikipanga naye nyumba moja ikawa haina pua wala macho, imebaki ukungu. Nilimfikia daktari wa macho siku ya 19. Alinimulika kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akauliza, "Masikio yako vipi?" Kabla yake hakuna aliyekuwa ameunganisha masikio na macho.

Alinianzishia prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, vidonge kumi na viwili vya miligramu 5 kila asubuhi. Baada ya wiki tatu niliona majani ya mwarobaini ulio ng'ambo ya barabara, moja moja. Sitaisahau asubuhi ile.

Kosa lilikuja baadaye, na ninalieleza kwa sababu naamini linatokea kila siku mahali fulani nchini. Nilirudishwa karibu na nyumbani kumalizia matibabu. Huko wakaona ninasoma, macho meupe, mgonjwa anacheka. Prednisoloni ikapunguzwa haraka, na kufikia wiki ya sita nikaambiwa, "Umepona, dada, mshukuru Mungu." Kadi ikafungwa. Kumbe katika VKH dozi kubwa ya mwanzo hushushwa pole pole, kwa miezi sita angalau, na anayekatishwa mapema yumo hatarini sana kurudiwa. Mimi ulinirudia Agosti mwaka uleule. Safari hii ulikuja na kope nyeupe na mbalanga shingoni na mikononi. Ofisini wapo walioacha kunipa mkono.

Basi nikarudishwa kwenye vidonge, na nikakaa navyo karibu mwaka mzima. Nataka mjue maisha ya prednisoloni, Mheshimiwa, kwa sababu kwenye karatasi inaonekana ni dawa rahisi na inapatikana, kwa hiyo mtu anaweza kudhani tatizo limetatuliwa. Uso wangu ulijaa ukawa mviringo. Wanawake mtaani waliniita wakinisifu, "Shoga, umenawiri, maisha yamekukubali," nami niliingia ndani nikalia. Usingizi ulikata. Sukari ikapanda. Mtoto wa jicho akaanza kuota macho yote mawili nikiwa na miaka 31. Mifupa nayo hudhoofika, ila hiyo mtu huioni mpaka iwe imevunjika. Dawa hii huokoa jicho katika mwezi wa kwanza. Ukiitegemea hiyo hiyo peke yake kwa miaka, inaanza kudai malipo kwenye mwili mzima, na kwenye jicho lenyewe pia.

Ndiyo maana zipo dawa za kundi la pili, zinazoituliza kinga ya mwili taratibu ili prednisoloni ishuke. Kwangu ilianza methotreksati mwaka 2017: vidonge sita vya miligramu 2.5, mara moja tu kwa wiki, kila Ijumaa, na vidonge vya foliki asidi siku nyingine. Hapa naomba msinipite haraka. Dawa hii inamezwa mara moja kwa wiki. Mtu akiimeza kila siku kwa kutokuelewa inaweza kumuua, na duniani wapo waliokufa hivyo. Pakiti niliyopewa mimi ilikuwa na maandishi ya Kiingereza tupu. Aliyeniokoa ni muuguzi aliyechukua kalamu ya wino mwekundu akaandika juu yake kwa herufi kubwa: IJUMAA TU.

Mtu anaweza kuniambia hizi ni dawa za nchi tajiri. Sivyo. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika India, Marekani, Australia, Saudi Arabia na Mexico, wagonjwa 216 wenye uveitisi isiyo ya maambukizi, VKH wakiwemo. Nusu walipewa methotreksati, nusu mikofenoleti, dawa nyingine ya kundi hilo, ambayo ni ghali zaidi. Baada ya miezi sita methotreksati ilikuwa imewatuliza asilimia 67 ya wagonjwa wake, na mikofenoleti asilimia 57. Kwa ujumla wao tofauti hiyo haikutosha kuitangaza moja kuwa bora. Lakini kwa wale ambao uvimbe ulikuwa nyuma ya jicho au jicho zima, kama sisi, ilikuwa 74 kwa 55, na iliyotangulia ni ile ya bei nafuu. Huko Riyadh nako, madaktari wakiongozwa na Ahmed Abu El-Asrar walionyesha kwamba mgonjwa wa VKH akianzishiwa dawa ya kundi la pili mapema, sambamba na prednisoloni, bila kungoja ugonjwa urudi, uwezekano wa kubaki na ugonjwa sugu hupungua sana. Sisi huku tunangoja urudi mara ya tatu ndipo mtu aandikiwe.

Na akiandikiwa, anafika dirishani. Nilipopeleka karatasi yangu ya methotreksati kwa mara ya kwanza, kijana wa dirishani aliitazama, akanitazama, akasema kwa upole kabisa, "Dada, hii ni dawa ya saratani. Una saratani?" Nikamwambia sina, nina macho. Akaenda kuuliza ndani. Akarudi akasema bima yangu haiwezi kuilipia kwa ugonjwa huo, mpaka daktari aandike barua. Daktari aliandika. Barua ikakaa. Kwa miezi minne nilinunua mwenyewe, na vipimo vya damu vya kila mwezi, wingi wa damu na ini, nikalipia mwenyewe, kwa mshahara wa karani. Namshukuru Mungu nilikuwa na mshahara. Kwenye benchi la kliniki nilikaa na mama mmoja mkulima wa mihogo aliyekuwa na ugonjwa kama wangu. Safari ya tatu hakuja tena, na wala hakuna aliyemtafuta, kwa sababu jina lake halikuwa kwenye daftari lolote la watu wa kutafutwa.

Mwaka 2019 mimi na mume wangu tulitaka mtoto. Methotreksati humharibu mtoto tumboni, na mikofenoleti vilevile, kwa hiyo daktari alinibadilishia azathioprini, dawa nyingine ya kundi la pili, miezi kadhaa kabla. Binti yetu alizaliwa 2020, mzima, na macho yangu yalikuwa yametulia kipindi chote cha ujauzito. Nalitaja hili kwa sababu wagonjwa wa VKH wengi ni watu wazima wa umri wa kuzaa na kulea, na wengi ni wanawake. Ukipanga dawa moja tu kwa ugonjwa huu, ukadhani umemaliza, utakuwa umemwambia mwanamke achague kati ya jicho na mtoto.

Halafu ikaja 2022. Azathioprini haikupatikana pale nilipozoea kuichukua, wala kwenye maduka ya dawa niliyoweza kuyafikia. Nilikuwa na vidonge vya siku kumi. Nikaanza kuvikata vipande. Nikapiga simu kila Jumatatu, jibu likawa, "Bado, jaribu wiki ijayo." Wiki ya tano nikaanza kuona doa la kijivu katikati ya jicho la kushoto, nikiliangalia jina kwenye jalada, herufi za kati zinamezwa. Nilipanda basi usiku uleule. Hata kabla hatujafika Segera nilikuwa nimelifumba jicho la kulia mara ishirini kupima kama la kushoto limezidi. Daktari alikuta uvimbe umerudi, na mishipa mipya ya damu imeota chini ya retina na kuvuja. Nilichomwa sindano ndani ya jicho, nikaongezewa prednisoloni, uvimbe ukatulia. Lakini kovu lilikwisha kushika katikati, pale pale mtu anaposomea. Kovu la retina halifutiki.

Sitaitaja hospitali wala duka lolote, kwa kuwa sikuja kumshitaki mtu. Kila niliyemkuta dirishani alikuwa ananihurumia. Ninachosema ni kwamba utaratibu wetu wa macho umejengwa kwa ajili ya mambo yanayokwisha: kambi ya mtoto wa jicho, upasuaji, bandeji siku ya pili, mgonjwa anarudi kwao anaona. Kazi hiyo ni kubwa, na mama yangu mzazi ni mmoja wa walioona tena kwa kambi kama hizo. Ila ugonjwa wetu hauna siku ya bandeji. Unahitaji mtu yuleyule aonekane kila mwezi au kila miezi mitatu, kwa miaka, na dawa isikatike katikati.

Na nchi hii inajua kufanya hivyo. Tangu 2004 watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI wanapewa dawa bure, na leo kliniki zao za huduma na tiba, CTC, ziko mpaka vijijini. Aliyetulia anapewa dawa za miezi mitatu, hata sita, kwa mkupuo. Asipofika tarehe yake anapigiwa simu, anafuatwa nyumbani. Kila mtoto wa shule Tanzania anajua kwamba dawa zile hazikatishwi. Nilipokuwa nakata azathioprini vipande jikoni kwangu, ng'ambo ya barabara palikuwa na zahanati inayogawa dawa za maisha bila kukosa hata mwezi mmoja. Sikuwaonea wivu, niliona kwamba utaratibu ninaouhitaji tayari upo.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyaomba, Mheshimiwa.

Kwanza na juu ya yote, prednisoloni, methotreksati na azathioprini zihesabiwe kuwa dawa za kudumu za macho. Mwongozo wa Taifa wa Matibabu utamke wazi na kwa kina kwamba hutumika kwa uveitisi isiyo ya maambukizi, ili mfamasia asiulize habari za saratani na mlipaji wa bima asidai barua mpya kila robo mwaka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imetupa matumaini. Kitita cha mafao kinapoandikwa na kurekebishwa, naomba dawa hizi zisiingie peke yake bila vipimo vya damu vinavyozisimamia, maana dawa bila kipimo ni hatari, na kipimo kikiwa cha kulipia mfukoni ndicho mtu anachokiacha kwanza. Mgonjwa aliyetulia apewe za miezi mitatu. Nauli ya basi ni sehemu ya bei ya dawa.

Hospitali za rufaa za kanda ziwe na daftari la wagonjwa hawa. Hapa naongea kama karani. Masjala tuna daftari la kukumbushia: jalada ambalo shauri lake halijaisha linaandikiwa tarehe ya kurudi mezani, na tarehe hiyo ikifika, mtu analitafuta hata kama mwenye nalo amelisahau. Kazi hiyo haihitaji kompyuta mpya wala mfadhili. Sisi wagonjwa wa uveitisi ni wachache. Karani mmoja na simu moja kwa kanda vinatosha. Na daftari hilohilo ndilo litakalomwambia mnunuzi wa dawa, miezi sita mapema, ni vidonge vingapi vinatakiwa. Dawa inayotumiwa na watu wachache hukosekana kwa urahisi kwa sababu hakuna anayeihesabu.

Lipo pia suala la adalimumabu. Wapo ambao vidonge vyote hivi haviwatulizi, na macho yao yanakwenda huku wanakunywa dawa vizuri. Kwao kuna sindano hii, hudungwa chini ya ngozi kila wiki mbili, na tangu 2016 imeidhinishwa Marekani na Ulaya kwa uveitisi ya nyuma ya jicho. Najua ilivyo ghali. Lakini India ilianza kuuza nakala yake mwishoni mwa 2014, Ulaya zikaingia Oktoba 2018, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya magonjwa mengine ya kinga ya mwili. Wagonjwa wa baridi yabisi na wa matumbo wanaihitaji pia, kwa hiyo ikinunuliwa kwa pamoja hatutakuwa tunanunua kwa ajili ya macho peke yake. Madaktari wetu wanaiogopa kwa sababu ya kifua kikuu, na wana haki, kwani inaweza kukiamsha kilicholala, nasi ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Ila kwa sababu hiyohiyo tuna wahudumu wa kifua kikuu kila wilaya, wazoefu, wanaojua kupima na kutoa dawa za kinga. Waunganisheni na kliniki za macho. Kuitunza kwenye ubaridi nako si hoja kubwa: insulini inakaa nyuzi 2 hadi 8 katika majokofu yetu miaka yote.

Mwisho, na hili haligharimu kitu: wafundishwe waganga wa zahanati na vituo vya afya jambo moja tu. Mtu mzima akija na kichwa kinachouma, masikio yanayovuma na macho yote mawili yaliyofifia ndani ya siku chache, na malaria haionekani, apelekwe kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo. Mimi nilichukua siku 19, nami naishi kando ya lami.

Jicho langu la kulia linasoma mstari wa pili kutoka chini kwenye chati. Linanitosha kwa majalada, na linanitosha kumsaidia binti yangu madaftari yake, maana ameanza shule na anaandika herufi kubwa kuliko mistari. Leo nilipoanza barua hii nilihesabu vidonge vya azathioprini vilivyobaki kabatini. Ni vya siku 23. Tarehe yangu ya kliniki ni baada ya siku 21.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Karani wa masjala, Tanga